Pleti zinang'aa zote, ipi itastahimili maji ya mwili?

Katika toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba vyuma vya kuungia mifupa, yaani pleti na skrubu, hupimwa kwa umeme kabla havijaingia mwilini. Barua zilizofuata ni nyingi, nami nimechagua tano. Kwa wageni wa safu hii: nafanya kazi kwenye maabara ya metali hapa Dar es Salaam. Nakata vipande, navitumbukiza kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, navipa volti kidogo na kusoma mkondo wa umeme unaorudi. Mimi si daktari. Pale swali linapomhusu daktari nitamrudisha muulizaji kwake.

Dada mhandisi, habari za kazi. Mimi ni bodaboda hapa Morogoro. Niligongwa, nikawekewa pleti na skrubu kwenye mfupa wa mguu. Huu ni mwaka wa nne, natembea vizuri. Jirani yangu, fundi wa mageti, anasema chuma chochote kikikaa majini lazima kioze, ni suala la muda tu. Ananitisha bure?

Kaka, pole kwa ajali, na hongera kwa kurudi barabarani. Jirani yako anazungumzia chuma anachokishika kila siku, na kwa chuma hicho yuko sahihi. Pleti yako ni kitu kingine. Kama ni ya chuma cha pua cha hospitali, ndani yake kuna kromiamu asilimia 17 hadi 19. Kromiamu hiyo ikikutana na oksijeni hufunika uso wa chuma kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Jicho haliuoni, lakini ndio unaozuia maji ya mwili yasikile chuma. Ukikwaruzwa unajirudisha wenyewe. Titaniamu nayo ina utando wake, tena mgumu zaidi kuvunjika.

Umeme unaingia hapa kwa sababu kutu yenyewe ni umeme. Kila chembe ya chuma inayotoka kwenda majini inaacha elektroni nyuma, na elektroni zikitembea tunapata mkondo wa kupimika. Mikroampea moja (sehemu ya milioni ya ampea) kwa kila sentimita ya mraba, ikidumu mwaka mzima, inakula takribani mikromita 11 na nusu za chuma. Pleti nzuri yenye utando mzima hukaa kwenye sehemu ya mia ya mkondo huo, yaani inapoteza kama mikromita 0.1 kwa mwaka. Milimita moja ina mikromita 1,000. Kwa mwendo huo pleti yako ingehitaji maelfu ya miaka kupungua kwa milimita moja.

Kinachotuhangaisha maabara si kupungua huko. Ni vishimo, ambavyo nitavieleza kwenye jibu linalofuata. Wewe endelea na kazi. Ukiona uvimbe, usaha au maumivu mapya kwenye mguu huo, nenda kliniki ya mifupa siku hiyohiyo.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja Kanda ya Ziwa. Wauzaji wawili wametuletea sampuli za pleti. Zote zinang'aa, zote zimeandikwa 316L, namba ya aina ya chuma cha pua, lakini bei zimeachana sana. Tumejaribu sumaku, hakuna hata moja iliyonasa. Nina multimita nzuri. Nifanyeje?

Kaka yangu, nafurahi kwamba umeuliza kabla pleti hazijaingia chumba cha upasuaji. Hospitali nyingi huishia kwenye sumaku na mng'ao.

Sumaku iache. Chuma cha pua cha 316L hakinasi, titaniamu hainasi, aloi (mchanganyiko wa metali) ya kobalti na kromiamu hainasi. Na chuma cha 304, kile cha sinki na sufuria, nacho kwa kawaida hakinasi, au hunasa kidogo sana pale kilipokunjwa. Sumaku ikinasa kwa nguvu unajua kuna tatizo. Isiponasa hujajua lolote.

Multimita nayo ina kikomo chake. Chukua pini ya duara yenye kipenyo cha milimita 3 na upime urefu wa sentimita 10. Ikiwa ni 316L, ukinzani wake ni kama miliomu (sehemu za elfu za omu) 10 na nusu. Ikiwa ni aloi ya titaniamu ya Ti-6Al-4V, ni kama miliomu 24. Titaniamu tupu inakaa karibu na miliomu 8. Sasa gusanisha ncha mbili za multimita yako zenyewe kwa zenyewe usome: waya zake peke yake zinaweza kukupa miliomu 200. Unachotafuta kimemezwa na waya.

Tunachofanya ni kutumia waya nne. Mbili zinapitisha mkondo wa ampea moja kutoka ncha hadi ncha ya pini. Mbili nyingine zinagusa pini ndani ya hizo za kwanza, kwa umbali uliopimwa, na kazi yake ni kusoma volti tu. Kwa kuwa waya za kusomea hazibebi mkondo wa maana, ukinzani wake hauingii kwenye jibu. Pini ya chuma cha pua itakupa milivolti 10 na nusu, aloi ya titaniamu milivolti 24. Usambazaji wa umeme wa benchi wenye kikomo cha mkondo, multimita yako kwenye milivolti, na klipu nne: hivyo unaweza kuvipata hapo kazini. Pima haraka, kabla pini haijapata joto. Tumia pini, siyo pleti, maana matundu ya skrubu yanavuruga hesabu.

Kipimo hicho kitakutenganishia chuma cha pua na titaniamu, na titaniamu tupu na aloi yake, ndani ya dakika chache. Lakini hakitakutenganishia 316L na 304. Ukinzani wa hizo mbili unakaribiana mno, na hilo ndilo swali lako hasa. Tofauti yao kubwa ni molibdenamu. Chuma cha pua cha vipandikizi, yaani vifaa vya kuwekwa mwilini, kinatakiwa kuwa nayo zaidi kidogo ya asilimia 2, pamoja na nikeli asilimia 13 hadi 15 na kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Chuma cha 304 hakiongezewi molibdenamu. Na chumvi ya mwili inaijua tofauti hiyo.

Kwa hiyo pleti inabidi iingie kwenye maji. Ninatumia chumvi ya kipimo cha dripu, gramu 9 kwa lita, au mmumunyo wenye fosfeti unaoshikilia pH ya 7.4. Joto ni nyuzi 37. Napuliza naitrojeni ndani ya maji kwa nusu saa kufukuza oksijeni. Ndani ya chombo zinaingia elektrodi tatu: pleti yenyewe, elektrodi ya platini ya kufunga mzunguko, na elektrodi rejea ambayo volti yake haiyumbi. Zote zinaungwa kwenye potenshiostati, mashine inayoshikilia volti unayoitaka kati ya pleti na rejea na kukusomea mkondo.

Saa ya kwanza sifanyi lolote ila kuangalia. Pleti inatafuta volti yake ya kupumzikia, na mwendo wake unasema mengi: ikipanda taratibu, utando unajijenga, ikishuka kwa miruko na kurudi, kuna sehemu zinavunjika na kujiziba. Baada ya hapo napandisha volti, milivolti 1 kwa sekunde, au polepole zaidi, sehemu ya sita ya milivolti kwa sekunde. Kutoka volti -0.3 hadi 0.8, mwendo wa kwanza unachukua dakika 18 na wa pili karibu saa mbili.

Mwanzoni mkondo unabaki mdogo na tambarare. Utando unahimili. Halafu, kwenye chuma dhaifu, inafika volti ambapo mkondo unaruka mara kumi, mara mia, ndani ya muda mfupi. Hapo kloridi iliyomo kwenye chumvi imepenya na kishimo kimeanza. Nashusha volti kurudi nyuma ili nione kama kishimo kinaziba. Chuma kizuri kinarudi kwenye mkondo mdogo mapema. Kibaya kinaendelea kuliwa hata volti ikishuka sana, na grafu inaacha kitanzi kipana. Titaniamu kwenye maji haya haivunjiki mpaka volti kadhaa, mbali na chochote kinachotokea mwilini. 304 inatoboka mapema kuliko 316L iliyotengenezwa vizuri. Nikimaliza naweka pleti chini ya darubini, na kwa kawaida vishimo ninavikuta pale ambapo mashine ya kiwandani iliacha alama, ukingoni mwa matundu.

Ndiyo maana nakusihi: ukiniletea pleti, au ukipeleka maabara yoyote, isisuguliwe msasa. Ipimwe jinsi mgonjwa angeipokea. Kiwango cha Marekani cha kupima vifaa vidogo vya mwilini, ASTM F2129, kinataka kifaa kilichokamilika, na nakubaliana nacho kabisa. Pleti mbili za madini yaleyale, moja imemalizwa vizuri kwenye asidi na nyingine imeng'arishwa kwa brashi tu, zinaweza kutoboka kwenye volti tofauti sana.

Wadai wauzaji wote wawili cheti cha kiwandani chenye namba ya mchanganyiko ulioyeyushwa, kinachotaja ISO 5832-1, kiwango cha kimataifa cha chuma cha pua cha vipandikizi, na asilimia za kila metali. Kisha toa sadaka pleti mbili au tatu za kila mmoja zipimwe. Asiyetaka pleti yake ipimwe amekwisha kukujibu.

Shikamoo mama. Nasoma uhandisi mitambo Mombasa, na mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kupima Ti-6Al-4V. Kila nikirudia kipimo napata grafu tofauti. Mwenzangu anasema mashine imeharibika. Nimebakiza muda mchache.

Marahaba mwanangu. Mashine usiihukumu kabla ya kuipima. Toa chombo cha maji, weka risista ya omu 1,000: upande mmoja klipu ya sampuli, upande wa pili klipu za rejea na platini kwa pamoja. Agiza milivolti 100. Ikisoma mikroampea 100, mashine ni nzima na tatizo liko kwenye maji, sampuli au mkono wako.

Titaniamu inakumbuka kila ulichoifanyia. Ukiisugua msasa asubuhi na kuipima mchana, utando umekua. Ukiisugua na kuitumbukiza dakika hiyohiyo, utando ni mchanga na volti ya kupumzikia iko chini zaidi. Hakuna iliyo mbaya, ila usizichanganye. Jiwekee mpango mmoja: msasa uleule wa mwisho, kusafisha kwa maji na kisha ethanoli, muda uleule kutoka msasa hadi maji, muda uleule wa kungoja kabla ya kuanza. Uandike ukutani.

Angalia ukingo ambapo gundi ya epoksi, ile inayofunika sehemu usiyotaka kuipima, inakutana na metali. Epoksi ikiachia hata kwa unywele, maji yanaingia chini yake na unapima eneo usilolijua. Ukitoa sampuli na kuona rangi imebadilika pembeni tu, kipimo hicho kitupe.

Andika jina la elektrodi rejea kwenye kila grafu. Kalomeli iliyojaa chumvi na fedha yenye kloridi ya fedha zinapishana karibu milivolti 45. Nimesoma ripoti za wanafunzi zenye mabishano marefu juu ya tofauti ya milivolti 40 kati ya aloi mbili, kumbe kila moja ilipimwa na rejea yake.

Na kelele. Mkondo wa titaniamu ni mdogo, nanoampea, kwa hiyo feni ya mezani na chaja ya simu zinaingia kwenye grafu kama mawimbi ya hezi 50. Weka chombo chako ndani ya boksi la bati lililoungwa kwenye ethi, waya ziwe fupi, simu ikae chumba kingine. Ukifika kwenye kipimo cha impidansi (ukinzani dhidi ya umeme wa mawimbi), ambapo unatikisa kwa mawimbi ya milivolti 10 kutoka hezi 100,000 hadi hezi 0.01, ujue kwamba wimbi moja tu la hezi 0.01 linachukua sekunde 100, na huko chini ndiko ukinzani wa utando unakojionyesha. Usiikatishe kwa haraka. Hakikisha pia mashine iko kwenye betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati, sampuli hiyo hairudiwi: msasa upya, mwanzo upya.

Ukipata grafu tatu zinazolaliana, hapo una kipimo. Zisipolaliana, zionyeshe zote tatu kwenye ripoti. Mtahini mwenye kujua kazi atakuheshimu zaidi kuliko ukimwonyesha moja iliyo nzuri.

Shikamoo. Mwanangu ametolewa pleti mkononi baada ya mfupa kuunga. Tulipewa tuje nayo nyumbani. Chini ya vichwa vya skrubu kuna rangi ya kahawia na weusi, lakini kwingine inang'aa kama mpya. Ina maana aliwekewa chuma bandia? Ni mama, Tanga.

Marahaba mama yangu, na nashukuru kwamba mfupa umeunga. Alama hizo peke yake si ushahidi wa chuma bandia. Hata pleti za chuma cha pua zenye ubora hutoka na madoa mahali hapohapo, na waliochunguza pleti zilizotolewa kwa wagonjwa wamelikuta mara nyingi.

Chini ya kichwa cha skrubu kuna mwanya mwembamba. Maji yaliyomo humo hayabadilishwi. Oksijeni inaisha, utando unakosa cha kujijengea, kloridi inajikusanya na maji yanakuwa na asidi. Juu ya hayo mwanao aliutumia mkono wake: kila alipoinua kitu, skrubu ilisugua pleti kidogo sana na kuukwangua utando. Maabara tunaiga hali hiyo kwa kusugua chuma kikiwa majini huku tunasoma mkondo. Kila mkwaruzo unatoa mruko mkali wa mkondo unaozimika upesi, na kinachotofautisha metali ni kasi ya kuzimika. Titaniamu huzima sehemu kubwa ndani ya sekunde moja.

Jambo moja tu ningependa lichunguzwe: kama skrubu na pleti vilitoka kwenye seti moja. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi, moja inaweza kuliwa upesi zaidi kwa sababu ya mwenzake. Hili si jipya. Mwaka 1937 Venable, Stuck na Beach walichapisha Marekani majaribio ya kuweka metali mbalimbali kwenye mifupa ya wanyama, wakaonyesha kwamba umeme unaozaliwa kati ya metali unadhuru mfupa ulio jirani. Tangu hapo wapasuaji wanafundishwa kutochanganya pleti na skrubu ovyo. Maabara tunaziunga metali mbili kupitia ampea mita isiyo na ukinzani, zikiwa majini, na kusoma nani anapoteza na kwa kiasi gani.

Kama jeraha limepona na hakuna uvimbe, mwanao hana la kufanya. Pleti usiitupe. Ifunge kwenye bahasha pamoja na karatasi ya hospitali yenye tarehe. Vyuma vilivyokaa mwilini vinatufundisha mambo ambayo maji ya dripu hayafundishi. Pale penye uvimbe, kwa mfano, chembe nyeupe za damu humwaga peroksidi ya haidrojeni, na peroksidi hupandisha volti ya chuma kuelekea kule kunakotoboka.

Naandika kutoka Muscat. Mzee wetu alibadilishiwa nyonga Uingereza mwaka 2008. Tumesikia kuna nyonga za chuma kwa chuma zilizorudishwa. Zinaweza kupimwa kwa umeme zikiwa ndani?

Ndugu yangu, hapana. Ili nipime lazima chuma kiwe sehemu ya mzunguko wangu, na nyonga iliyozikwa ndani ya nyama haifikiwi kwa waya za juu ya ngozi. Ukikutana na mtu mwenye kimashine cha kushika mkononi anayedai kupima kutu ya kipandikizi kwa kugusa ngozi, mfungie mlango.

Ulilolisikia ni kweli. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliziita zirudi nyonga zake za ASR, ambapo kichwa cha kobalti na kromiamu kilizunguka ndani ya kikombe cha metali hiyohiyo. Takribani 93,000 zilikuwa zimewekwa duniani kote. Aloi hiyo ikitulia majini ni ngumu kuvunjika, grafu zake ni nzuri. Lakini nyonga haitulii. Nyuso zikisagana, utando unakwanguliwa na kujengwa upya kila hatua, na kila kujengwa upya kunatoa ayoni, chembe ndogo zenye chaji ya umeme, za kobalti na kromiamu. Kipimo cha chuma kilichotulia hakikutosha kutabiri hilo; ilihitajika kupima umeme huku nyuso zinasugua.

Kwa mzee, kipimo ni cha damu. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Uingereza iliweka mikrogramu 7 za kobalti au kromiamu kwa lita kama kiwango cha kumfanya daktari aangalie zaidi, kwa kurudia damu na kupiga picha. Kwanza tafuteni jina la kifaa. Mwandikieni hospitali iliyompasua mkiomba rekodi ya upasuaji. Stika zenye jina, namba ya toleo na namba ya kundi hubandikwa humo. Nyonga nyingi za miaka ile zilikuwa na kikombe cha plastiki au cha kauri, na kama yake ni mojawapo ya hizo, habari ya chuma kwa chuma haimhusu. Ikiwa ni chuma kwa chuma, mpelekeni kwa daktari wa mifupa hapo Muscat na karatasi hiyo mkononi, hata kama hasikii maumivu. Damu ichukuliwe kwenye chupa maalumu za kupimia metali, maana sindano na chupa za kawaida zinaweza kuchafua kipimo.